Zumari Mwishoni mwa Wimbo

Jumapili, baada ya Isha.

Kwa miaka mingi nilikuwa na yakini kwamba Brian Jones ndiye aliyepuliza zumari mwishoni mwa "Street Fighting Man". Nimewaambia watu wengi hivyo, na wengine wameniamini. Leo nimekaa na wimbo huo tangu adhuhuri, hedifoni masikioni, daftari mapajani, na nimekubali kwamba nilikuwa nimemvisha mtu kilemba cha mwenzake.

Wimbo ni wa The Rolling Stones, bendi ya Kiingereza aliyokuwamo Brian Jones. Waliurekodi katika studio za Olympic, London, katika majira ya kuchipua kule, mwaka 1968, na umo katika santuri yao ya Beggars Banquet iliyotoka Desemba mwaka huo. Hauzidi sana dakika tatu. Unaanza na gitaa linalokwaruza, kisha mdundo unaobisha kama mtu anayegonga mlango wa bati. Halafu, kuelekea mwisho, sauti inapoanza kufifia, kinachomoza kitu chembamba, kikali, chenye kulia, kikapanda juu ya vyote.

Mara ya kwanza niliisikia kwenye kaseti ya mjomba, nikiwa na miaka kumi na kitu. Nikamwambia, "Mjomba, hawa Wazungu wana zumari!" Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena, akacheka kwa furaha. Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, haambiwi zumari ni nini. Ukitoka kwenu ukasikia ngoma za chapuo na vumi zinaunguruma uchochoroni, unajua mpigaji yuko hapo katikati, mashavu yamevimba, macho yamefumba, anavuta pumzi kwa pua huku anaitoa kwa mdomo, na mlio haukatiki hata kidogo. Hata ukiwa chumbani na dirisha limefungwa utaisikia.

Mjomba alikuwa mpiga besi katika bendi ya hoteli, zile zama ambazo hoteli za pwani zilikuwa na bendi zao. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. "Mwache mwimbaji," alikuwa akisema. "Mshike besi kwanza, wengine watakuja wenyewe."

Kwa nini nilimpa Brian Jones ile zumari? Kwa sababu kila kitu kilimwelekea yeye. Ndiye aliyepiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, katika "Paint It Black" mwaka 1966. Kila chombo alichopewa alikitoa sauti. Na mwaka huohuo wa 1968 alikwenda Morocco, kijiji cha Joujouka, akawarekodi mafundi wa huko wanaopuliza ghaita, ambayo ni ndugu wa damu wa zumari yetu. Nikaunganisha: kaenda Morocco, kasikia ghaita, karudi London nayo. Hadithi ilikaa sawa kabisa, nami sikuiuliza tena.

Kumbe kalenda inaikataa. Wimbo ulikuwa umeshatoka Marekani kama santuri ndogo mwezi Agosti 1968, na kazi ya studio ilifanywa miezi kadhaa kabla. Rekodi ya Joujouka aliifanya katikati ya mwaka, wakati huu wa studio ulikuwa umekwisha kupita. Safari hiyo haikuweza kuleta sauti hiyo.

Na chombo chenyewe si ghaita. Ni shehnai, zumari ya Kihindi, na aliyeipuliza ni Dave Mason, ambaye hakuwa hata mwanachama wa bendi. Alikuwa wa kundi la Traffic. Nilipolijua hilo nikajiuliza alifikaje pale, jibu likawa jepesi: mtayarishaji wa Beggars Banquet, Jimmy Miller, ndiye pia aliyekuwa akiwatayarishia Traffic. Mlango ulikuwa mmoja. Mason huyohuyo, Januari 1968, katika studio hizohizo za Olympic, alipiga gitaa la nyuzi kumi na mbili kwenye "All Along the Watchtower" ya Jimi Hendrix. Mtu aliyezunguka chumba kimoja hivyo, na jina lake halimo kwenye bango la bendi, ni rahisi sana kupotea.

Sasa gitaa. Hili ndilo lililonikalisha mchana kutwa. Ukiusikiliza wimbo utaapa kwamba ni magitaa ya umeme, yamepandishwa mpaka mwisho. Sivyo. Ni gitaa kavu la Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi, lakini alilirekodi kwa kinasa sauti kidogo cha kaseti cha Philips. Alipiga kwa nguvu karibu kabisa na maikrofoni, mashine ikazidiwa, sauti ikapasuka. Kisha kaseti ile ikachezwa kwenye spika ndogo, maikrofoni ya studio ikawekwa mbele yake, na huo mpasuko ukaingia kwenye mkanda mkubwa. Chombo pekee cha umeme katika wimbo wote ni besi.

Mpasuko ule ninaujua! Ni sauti ya kaseti zote za nyumbani kwetu. Mama alikuwa akiiweka redio kaseti juu ya stuli harusini, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na cha kuchezea, na karibu na ngoma sauti inachanika kama karatasi. Sisi tuliona ni hitilafu, tukawa tunaisogeza redio mbali. Keith alisogea karibu.

Charlie Watts, mpiga dramu wao, naye hakukaa kwenye dramu zake za kawaida. Alitumia seti ndogo ya mazoezi ya miaka ya 1930, inayokunjika ikaingia kwenye sanduku mfano wa begi la safari. Ndiyo maana mlio wake una kile kibatibati. Piano ni Nicky Hopkins, aliyepiga piano ya umeme kwenye "Revolution" ya The Beatles mwaka huohuo.

Besi nilimpa Bill Wyman bila kufikiri, maana ndiye mpiga besi wao. Lakini nikifuata ushauri wa mjomba na kuishika kwanza, naona inakwenda kwa papara ya mtu aliyezoea gitaa, inasukuma mbele, haingoji. Ni Keith tena. Mwaka huo alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Filamu ya Mfaransa Jean-Luc Godard iliyopigwa Olympic mwezi Juni inaonyesha wakitengeneza "Sympathy for the Devil": Keith kaishika besi, Wyman anatikisa manyanga, na kwenye tumba kuna Rocky Dzidzornu wa Ghana, ambaye kwa masikio yangu ndiye anayeubeba wimbo ule mgongoni.

Kwa hiyo Brian Jones amebaki na nini katika "Street Fighting Man"? Sitar na tambura. Tambura ni ule mvumo mmoja ulio chini ya yote, ambao husikii mpaka uambiwe upo, kisha huwezi tena kuacha kuusikia. Hiyo imeniuma kidogo. Nadhani nilimpa zumari kwa sababu nilitaka awe nayo. Katika filamu ile unamwona amekaa peke yake na gitaa, nalo katika wimbo uliotoka halisikiki. Julai 1969 akafariki, na miaka yake ilikuwa 27. Rekodi ya Joujouka ilitoka 1971, yeye hayupo. Lakini haki ya Dave Mason ni haki yake, na upendo wangu kwa Brian hauibadilishi.

Magharibi nilimpelekea mama kaseti ya harusi ya dada yangu, ile ya stuli. Nilimwomba asikilize zumari tu, aniambie ni nani. Aliiweka spika karibu na sikio. Hakumaliza hata nusu dakika.

"Huyu mbona namjua," akasema. "Sikiza anavyoivuta mwisho, kama anataka kukohoa." Akanitajia jina. Alikuwa mzee aliyekuja kutoka Lamu, akifanya kazi ya useremala Kibokoni, na siku ile hakutaka malipo kwa kuwa alijuana na baba.

"Na vumi?"

Akanyamaza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Vumi muulize ami yako. Mimi nilikuwa jikoni."

Nimeandika jina la mzee kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya kaseti, chini ya tarehe. Pembeni ya neno "vumi" nimeacha nafasi. Ami halali mapema, nitampigia sasa hivi.