Sare Isiyoonekana: Namba za Magereza ya Afrika Kusini Zilikotoka

Mfungwa amesimama katikati ya seli ya Pollsmoor, jela kubwa ya Cape Town, amevaa nguo za rangi ya machungwa kama wenzake wote. Wakubwa wa genge wanamuuliza amevaa nini. Nguo za machungwa hazitaji. Anataja kofia, kisha koti, vifungo vya koti, nyota za begani, mkanda, buti, silaha aliyoishika. Anataja kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ambao haubadiliki, na kwa lugha ambayo askari jela aliye mlangoni anaisikia nusunusu. Sare hiyo haipo na haijawahi kushonwa. Lakini akikosea kifungo kimoja, cheo anachodai kuwa nacho kimekwisha, na huenda na mgongo wake umekwisha.

Hizo ndizo Namba, genge la jela lenye makundi matatu: 26, 27 na 28. Huku kwetu Uganda, ukitaja genge la gerezani watu hukumbuka sinema za Marekani, wanaume wenye michoro mwili mzima. Lakini Afrika ina genge lake la jela, na ni kongwe kupita jela zetu nyingi. Gereza la Luzira lilipojengwa miaka ya 1920, kikosi ambacho Namba zilitoka kwake kilikuwa tayari kimekuwa na sheria na mahakimu wake.

Historia inayopatikana kwenye kumbukumbu za serikali inaanza na kijana wa Kizulu aitwaye Mzuzephi Mathebula, aliyezaliwa 1867. Akiwa na miaka kama 19 alikuwa akitunza farasi wa tajiri mmoja mjini Harrismith. Farasi mmoja akapotea, naye akabebeshwa deni. Akatoroka. Mwaka huohuo, 1886, dhahabu ilikuwa imegunduliwa Witwatersrand, na mji wa Johannesburg ukachipuka juu ya mahema na vumbi. Mathebula alifika huko, akaingia kwenye mikono ya wahalifu wa Kizungu waliokuwa wakipora magari ya farasi ya abiria na mishahara ya wafanyakazi, akajifunza kazi, kisha akawaacha na kuanzisha kikosi chake kwenye vilima vya Klipriviersberg, kusini ya mji. Akajiita Nongoloza.

Kikosi kiliitwa Umkosi Wezintaba, yaani jeshi la milimani. Baadaye wakajiita Waninawi. Nongoloza mwenyewe alieleza mwaka 1912, katika maelezo aliyoyatoa akiwa mfungwa, kwamba alisoma kwenye Biblia habari za Ninawi, mji mkuu uliomwasi Mungu, akalichagua jina hilo kwa kuwa yeye na watu wake walikuwa waasi dhidi ya sheria za serikali.

Mpangilio wa kikosi ulikuwa wa serikali nzima. Juu kulikuwa na mfalme, Inkosi Nkulu, ambaye ni Nongoloza. Chini yake walikuwepo majenerali, manahodha, mahakimu na madaktari, na mwisho kabisa amajoni, wanajeshi wa kawaida. Neno hilo limetokana na “Johnny”, jina walilopewa askari wa Kiingereza. Vyeo vilichukuliwa kwa Waingereza na Makaburu, watu walewale waliokuwa wakiwafunga. Jambo hili lisikushangaze. Kwenye wodi za jela zetu, mfungwa anayewaongoza wenzake huitwa katikkiro, cheo cha waziri mkuu wa Buganda kule Mengo. Mfungwa hukopa serikali anayoijua. Tofauti ni kwamba katikkiro wa wodi hupewa madaraka na askari, na askari akikasirika anamvua. Nahodha wa 28 hakupewa cheo na askari yeyote, na hapo ndipo nguvu zote za Namba zilipo.

Sasa, Waninawi waliingiaje jela? Kwa mlango wa mbele. Sheria za pasi zilimtaka kila Mwafrika mjini awe na karatasi ya mwajiri wake. Asiye nayo alifungwa, akakutana na majambazi wa Nongoloza, akatoka ameshaapishwa. Migodi nayo ilikuwa na kambi zilizozungushiwa ukuta, wanaume pekee ndani, na jela zilikuwa zikikodisha wafungwa kwa kazi. Kati ya kambi, jela na kilimani watu walizunguka kama maji kwenye mfereji, na kikosi kikakua kwenye kila kituo. Serikali ilidhani inawafunga wahalifu, kumbe inawajazia jeshi.

Mtu wa Kampala ataielewa sehemu hii haraka. Kwa miaka mingi vijana wamekamatwa mitaani kwa kosa la uzururaji, kosa lililoandikwa enzi za ukoloni, wakalala wodi moja na waporaji wazoefu. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya “mhuni na mzururaji” katika sheria ya jinai. Nadhani ni moja ya hukumu zenye maana kubwa kuhusu magenge nchini, ingawa neno genge si hoja iliyokuwa mbele ya majaji.

Hiyo ni historia ya kumbukumbu. Wenye Namba wana yao, nayo hufundishwa kwa mdomo, seli hadi seli. Ni lazima uijue, kwa sababu kila sheria ya ndani inatoka humo.

Wanasema kulikuwa na mzee mwenye busara aitwaye Po. Aliona vijana wanakwenda migodini na hawarudi. Akaenda kutazama, akaona mateso, akahamia pangoni karibu na barabara. Akapita Nongoloza, halafu akapita Kilikijan. Kila mmoja alimwambia anakwenda kutafuta kazi ya mgodi. Po akawazuia, akawafundisha unyang'anyi na lugha ya siri, wakakusanya wengine mpaka wakawa kumi na watano. Kundi la Nongoloza lilipora usiku, la Kilikijan mchana.

Siku moja Po akawatuma kwa Kaburu mwenye shamba aitwaye Rabie wakamnunue fahali wake, Rooiland. Rabie akakataa, wakamchoma visu na kumchukua fahali. Sheria za kikosi zikaandikwa kwenye ngozi ya fahali huyo na kwenye jiwe. Nongoloza akabeba ngozi. Kilikijan akabeba jiwe, likamzidi uzito, likaporomoka kilimani na kupasuka vipande viwili. Kimoja kikaingia mtoni. Tangu hapo Kilikijan anayo nusu ya sheria.

Kisha ugomvi. Kilikijan anarudi kutoka kwenye uporaji, anamkuta Nongoloza amelala na kijana wa kikosi aitwaye Magubane. Kilikijan anasema sheria hairuhusu. Nongoloza anasema inaruhusu, iko kwenye ngozi, bali wewe nusu yako imezama. Wakapigana mpaka damu ikamwagika, wakagawana watu. Nongoloza akabaki na kundi la wanane, Kilikijan la saba. Hao ndio 28 na 27, na ukijumlisha nane na saba unawapata wale kumi na watano.

26 wamekuja baadaye. Kwenye jela ya Point, Durban, viongozi hao wawili waliwakuta wanaume sita waliokuwa wakiishi kwa kamari na ujanja. Nongoloza akawakataa. Kilikijan akawachukua chini ya ulinzi wake.

Kutoka hapo kazi zinagawanyika. 26 hutafuta fedha kwa akili: kamari, ulaghai, biashara ya magendo ya ndani. Alama yao ni jua linalochomoza, na dole gumba lililoinuliwa ndiyo salamu yao. 27 ni walinzi wa sheria na watu wa damu. Kisasi kikidaiwa, wao ndio wanaokilipa. 28 ni wa jua linalotua, na wanadai kazi yao ni kupigania haki za mfungwa, chakula kikiwa cha kwanza. Kwa desturi 26 na 28 hawazungumzi moja kwa moja. Neno likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hupitia kwa 27, hivyo kundi dogo kuliko yote ndilo linaloshika ufunguo wa amani ya seli.

28 wenyewe wana mistari miwili, wa dhahabu na wa fedha. Wa dhahabu ni wapiganaji. Wa fedha ni wale wanaofanywa “wake”. Hapa hadithi ya Magubane inageuka kuwa kibali. Kijana anayefika amechoka na hana mtu hupewa sigara, mkate, ulinzi, asijue kwamba anaandikiwa deni. Deni likiitishwa, mwili wake ndio malipo. Lugha ya heshima na vyeo imezunguka jambo hili kwa zaidi ya miaka mia, lakini jina lake ni ubakaji, na anayeandika habari za Namba akaliruka anawadhulumu waliofanyiwa.

Asiye na Namba anaitwa frans. Hana sauti, na vitu vyake si vyake. Anayetaka kuingia kwa njia ya kupigana aliambiwa amchome askari jela kisu. Baada ya kuchoma hakimbii. Anasubiri askari waje wampige, na sharti asilie. Kipigo ni sehemu ya mtihani kama kisu kilivyo. Wengi wameongezewa miaka mirefu ya kifungo kwa njia hiyo, na ndiyo sababu utakuta mtu aliyeingia kwa wizi mdogo akamaliza ujana wake wote ndani.

Halafu ndipo anaanza shule. Lugha inaitwa sabela: Kizulu, Kiafrikana na Kixhosa vilivyosukwa pamoja, vikatiwa maneno ambayo nje hayana maana. Kwa Mganda wa kizazi cha zamani, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na jela, lugha ya amri za afande. Sabela ilizaliwa upande wa pili wa mlango, kwa wanaoamriwa. Mwanafunzi anajifunza hadithi ya Po neno kwa neno, kisha sheria, kisha sare ya cheo chake, na hafundishwi cha juu kabla hajafikia hapo. Kupanda cheo kulichukua miaka.

Mfungwa akihamishwa jela ndipo anapopimwa. Usiku wa kwanza anaulizwa yeye ni nani. Hawezi kujibu tu “mimi ni nahodha wa 26”. Anasimulia: nani alimwapisha, wapi, amesimama upande gani, amevaa nini. Wenye cheo hichohicho wanasikiliza. Wanaonaswa hunaswa kwa mambo madogo: mtu ametaja kitu cha cheo asichokifikia kwa sababu alikisikia kwa mwingine, au amechorwa jua mwilini bila kulistahili. Hakuna kitabu cha kuangalia. Kumbukumbu za watu ndizo sajili, na ndiyo maana askari waliochukua visu na kuvunja seli kwa miaka yote hiyo hawakuweza kuzing'oa Namba.

Mtaani mambo yalikwenda njia nyingine. Februari 11, 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza District Six, mtaa wa katikati ya Cape Town, kuwa wa Wazungu. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa na kutupwa Cape Flats, kwenye uwanda wa mchanga. Jirani wa miaka arobaini akapelekwa huku, shangazi kule. Vijana waliokulia kwenye nyumba hizo mpya wakaunda magenge ya kona: Americans, Hard Livings ya mtaa wa Manenberg, Mongrels na mengine. Hayo hayakuwa Namba. Kwa muda mrefu aliyeingia Pollsmoor aliacha genge la mtaani getini, na maadui wawili wa Manenberg wangeweza kujikuta wamesimama mstari mmoja wa 26.

Miaka ya 1990 mpaka ukabomoka. Ubaguzi ulipokwisha nchi ikafunguka, dawa za kulevya zikaingia kwa wingi kuliko zamani, na wakubwa wa mitaani wakawa na fedha ambazo jela haijawahi kuziona. Hao walipofungwa hawakuwa na miaka kumi ya kukariri vifungo vya koti. Walilipa. Cheo kilichokuwa kinachumwa kwa kumbukumbu na kipigo kikapatikana kwa noti. Mtaani Americans wakajifungamanisha na 26, Hard Livings na 28, na vijana ambao hawajawahi kulala jela hata usiku mmoja wakaanza kujichora Namba. Americans walikuwa na simulizi yao ya bendera ya Marekani: mistari myeupe ni kazi safi ya fedha, myekundu ni kazi ya damu. Ukiichunguza utaiona kazi ya 26 na ya 27, imevikwa kitambaa kipya.

Wazee wa Namba waliobaki ndani hulalamika kwamba vijana hawajui sheria. Wana hoja. Sheria ile ya mdomo, katili kama ilivyokuwa, ilikuwa na breki zake: nani anaruhusiwa kumwaga damu, kwa amri ya nani, siku gani. Mtaani breki hizo hazipo, bastola haijui mstari wa dhahabu wala wa fedha, na Julai 2019 hali ilifika mahali serikali ikapeleka jeshi Cape Flats.

Nongoloza mwenyewe hakuufikia wakati huo. Mwaka 1912, akiwa jela, aliwakana Waninawi mbele ya wakuu wa magereza. Wakampa kazi. Mfalme wa jeshi la milimani akavaa sare ya kweli, ya kitambaa, yenye vifungo vinavyoshikika: sare ya askari jela. Katika hadithi ya Po hakuna sura hiyo. Hadithi inamwacha palepale njiani, kijana, na ngozi ya fahali begani.