Nachunguza vimeng'enya, na hapana, sipimi presha

Nikiwa likizo Newala, swali ni lile lile: "Kwani wewe unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu baiolojia ya kemikali, mjomba ananiletea mkono nimpime presha. Siku hizi nasema nachunguza sumu ya muhogo mchungu, na mazungumzo yanakolea.

Muhogo una linamarini, kemikali iliyofungia sumu ya sianidi ndani yake, na una kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho linamarasi. Ukiwa mzima, viwili hivi vimetengana. Ukiuponda au kuukwangua, vinakutana, linamarini inavunjika na mwishowe sianidi inatoka kama gesi. Ndiyo maana bibi yangu anauloweka siku kadhaa kabla ya kuanika makopa. Ukikata mapande na kukimbilia juani, maji yanakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na sumu nyingi inabaki.

Ninachokipenda zaidi ni karatasi ya pikrati, karatasi ya njano ya kupimia sianidi. Unaiweka kwenye kichupa chenye unga wa muhogo na bafa (mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike), unafunga vizuri, unaacha mpaka kesho. Asubuhi ile njano ikigeuka kahawia, sianidi imo. (Ikibaki njano nafurahi kama mtoto.)

Ajira? Mikataba ya mradi, basi. Mradi ukiisha unarudi kuandika maombi ya fedha, na umeme ukikatika roho inaruka kwa ajili ya friji la sampuli.

Ila wadogo zangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mnaonifuata inbox: udaktari si njia pekee. Frances Arnold, mwanasayansi wa Marekani, alipata Nobeli ya Kemia 2018 kwa kazi yake ya vimeng'enya, na shahada yake ya kwanza ilikuwa ya uhandisi.