Arusi Chongoleani, na bomba la mafuta lililotuvuruga kwenye Noah

Kwanza nianze na nauli maana bado inaniuma. Mbezi mpaka Tanga nimelipishwa bei ya laksari, tiketi imeandikwa laksari kabisa, kiyoyozi kikafa hata Msata hatujafika, kondakta anatuambia fungueni madirisha wakati madirisha yenyewe ni yale ya kioo kizima hayafunguki. Tukashushwa kula kwenye hoteli ambayo ni wazi kabisa dereva anakula bure, kuku robo bei ya kuku mzima, chips zimelala, na choo unalipia. Nikanyamaza, nikanunua machungwa Muheza mlangoni (mlango ndo ulikuwa dirisha letu), nikafika stendi ya Kange nimelowa jasho kama nimetoka kuvua. Safari ya Dar Tanga naishia hapo, haina jipya.

Stori yenyewe ilianza kesho yake. Tulikuwa tunaenda Chongoleani kwenye arusi ya mtoto wa mama mdogo. Kwa wasiopajua, Chongoleani ni rasi kaskazini ya jiji la Tanga, ukitoka mjini unashika barabara ya Horohoro, unafika Mabokweni, unaingia kulia kuelekea baharini. Zamani ukitaja Chongoleani watu wanafikiria samaki na mikoko basi. Siku hizi ukitaja kila mtu anasema aah, kwenye bomba. Ndo pale mwezi wa nane 2017 Magufuli na Museveni walipokuja kuweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko upande wetu. Bomba linaishia pale, mpango ni mafuta yaingie kwenye matangi, yapite kwenye gati, yapakiwe melini yaondoke.

Sasa kwenye familia yetu hiyo kitu ni kama kutaja Simba na Yanga mezani, na mimi nilijua, ila nani alipanga watu kwenye gari? Mama mkubwa. Tulikodi Noah, makubaliano elfu sitini kwenda na kurudi, ndani yupo mama mkubwa mwenyewe mbele, nyuma yake mjomba ambaye alikuwa mjini kufuata miwani, pembeni yake dada yangu (binti wa mama mkubwa) ambaye anasoma Kampala, mimi, mdogo wangu wa kiume, watoto wawili, sufuria tatu za kukodi na ndoo ya vitunguu. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, kapata kazi kwenye mradi, mikono yake yote ina vidoa vidoa vya cheche mpaka kwenye viwiko. Mjomba ni mvuvi tangu hajaota ndevu. Dada ndo hivyo, anasoma mambo ya mazingira. Yaani ungetafuta watu watatu wa kuwafungia kwenye gari moja wasielewane usingepata wazuri kuliko hao.

Hatujavuka hata nusu ya njia mama mkubwa akauliza swali lake, wala hakuwa na nia mbaya. Kasikia bomba lina moto, je shamba lake la mihogo lililo jirani na mkuza, ule ukanda bomba linapopita, si itaivia ardhini? Mdogo wangu akacheka, akaanza kueleza, na hapo nakiri anaeleza vizuri. Kwamba mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, ndo maana bomba linapashwa joto kwa umeme njia nzima yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Mama mkubwa akasema kumbe kama mafuta ya nazi mwezi wa saba. Eeh, hivyo hivyo. Alafu akamwambia bomba limevikwa, lina koti nene la kuzuia joto lisitoke, na limefukiwa zaidi ya mita moja chini, mihogo yako haiguswi. Mama mkubwa akaridhika, ingeishia pale tungefika salama.

Dada akadakia. Mihogo haiguswi lakini muulize ikivuja inakuwaje. Muulize kwanini benki kibao za Ulaya zilikataa kutoa hela, muulize kwanini Bunge la Ulaya mwezi wa tisa 2022 lilipitisha azimio la kuupinga. Visima vingine vinachimbwa ndani ya hifadhi ya Murchison Falls kwenye tembo. Na moshi wake je, kuna taasisi moja ya Marekani ilipiga hesabu 2022, mafuta hayo kuanzia kuchimbwa mpaka kuchomwa ni tani milioni 379 za hewa ya ukaa kwa uhai wa mradi wote.

Mjomba ambaye mpaka hapo alikuwa anafuta miwani mipya akauliza, tani ya moshi inapimwaje? Si dharau, alitaka kujua. Dada akaanza kueleza akakwama katikati, maana ni kweli sio kitu cha kueleza kwenye Noah mtoto analia na sufuria zinagongana.

Mdogo wangu akapata mwanya. Bunge la Ulaya? Wao wamechimba yao, wamejengea reli na hospitali, leo wanatuambia sisi tubaki na mikoko. Na hao wenye asilimia 62 ya hisa za bomba ni nani kama sio Wafaransa wenyewe, TotalEnergies, si ni Ulaya hiyo hiyo? Dada akasema ndo hapo sasa, 62 Wafaransa, 8 Wachina, sisi kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, 15 na Waganda 15, halafu mnashangilia mradi wetu mradi wetu. Mdogo wangu akasema hiyo 15 ni kubwa kuliko sifuri uliyokuwa nayo wewe na digrii yako. Hapo sauti zilishapanda, dereva kapunguza redio ili asikie vizuri, mshenzi yule.

Mimi nilikuwa upande gani? Nilikuwa na sufuria mapajani. Ila kwa kweli nilikuwa namuelewa mdogo wangu kuliko nilivyokubaliana naye. Tanga sisi tumekulia kwenye habari za zamani. Baba alikuwa anatuonyesha, hapa kilikuwa kiwanda cha mbolea, pale chuma, kule mashamba ya mkonge watu wanatoka nchi nzima kuja kukata. Mkonge bei ilikufa baada ya nailoni, viwanda vikafa, vijana wote Dar, mimi mmoja wao. Kwa hiyo mtu wa Tanga akisikia mradi wowote mkubwa unakuja hata ungekuwa wa kusafirisha upepo atasema uje. Dada hajaliona hilo sababu amekulia Kampala kwa baba yake, yeye Tanga anakuja arusini na msibani.

Lakini kuna kitu mdogo wangu hakusema kwenye gari, aliniambia mimi usiku wake. Mkataba wake unaisha. Bomba ni kazi wakati wa kujenga, wanahitaji mafundi maelfu, likishafukiwa na kupimwa wanabaki wachache wa kukaa kwenye mitambo na walinzi. Alikuwa anatetea kwa ukali kitu ambacho miezi michache ijayo kinamwacha. Nikaelewa kwanini alikuwa na hasira kiasi kile, na kwanini alimrukia mjomba.

Maana mjomba ndo alisema neno lililozua yote. Alisema taratibu tu, mi moshi siujui, wala hiyo asilimia. Mi nauliza meli zile zikija zitageuzia wapi. Pale gati lilipo tulikuwa tunategesha, sasa hatusogei. Zikija kubwa tutasogezwa tena. Na mafuta yakimwagika siku moja tu, mikoko ile ndo kitalu cha samaki, tutavua nini, matope? Akaongeza kwamba bahari hii hii ya Tanga ndo wanavua silikanti, yule samaki ambaye wazungu walidhani kashakufa duniani kote mpaka alipoonekana Afrika Kusini 1938, hapa Tanzania tumeanza kumtoa 2003 kwenye majarife, serikali ikatangaza hifadhi ya bahari 2009. Kama bahari hii si kitu, hifadhi ya nini?

Nilidhani ni maneno ya maana kuliko yote yaliyosemwa mle ndani. Mdogo wangu akajibu hivi, nanukuu: "Leo ndo mnajua mazingira mjomba? Mlivyokuwa mnapiga baruti mazingira yalikuwa wapi?"

Kimya. Kwa asiye wa pwani niseme tu kwamba baruti ilimaliza matumbawe ya Tanga miaka mingi, unarusha chupa, bum, kila kitu kinaelea, mayai na vifaranga na samaki usiotaka, na jiwe walilokuwa wanaishi linakuwa kokoto. Lakini mjomba hakupiga baruti. Kila mtu kwenye familia anajua. Rafiki yake waliokuwa wanavua ngalawa moja ndo alipiga, akakatika vidole vitatu na kipande cha kiganja, na mjomba ndiye aliyepiga makasia kumrudisha nchi kavu akiwa kamfunga na kikoi. Mpaka leo yule mzee anashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Mjomba akimuona anageuza uso pembeni.

Mjomba akavua miwani akaiweka kwenye kasha lake. Akamwambia dereva, simamisha gari. Dereva akasema mzee bado, hii Mabokweni. Akasema najua Mabokweni, nimezaliwa hapa, simamisha. Akashuka, na mfuko wake wa kanzu, akaenda kukaa kwenye benchi la bodaboda chini ya mwembe. Mama mkubwa akashuka kumbembeleza, akarudi. Dada akashuka, akarudi. Mimi nikashuka, shikamoo tena mjomba, tafadhali, watu wanatungoja, bila wewe arusi haifungwi vizuri. Akaniambia mjomba wangu, we nenda, mi sina ugomvi na wewe. Nikamwambia mdogo wangu shuka ukaombe radhi. Akasema hashuki, amesema kweli. Nusu saa! Jua la saa saba, mtoto amejikojolea, dereva anaangalia saa yake kila dakika na mimi najua anachohesabu.

Mwisho mjomba mwenyewe akatupungia mkono tuende. Tukaenda, hakuna anayeongea.

Huko mbele mdogo wangu akaonyesha kidole dirishani, akasema kwa sauti ya chini, limepita hapa. Nikaangalia. Hakuna kitu. Ukanda wa ardhi iliyosafishwa, mita 30 hivi upana, majani yameshaanza kuota, kibao cha alama, mbuzi wawili. Basi. Kitu kilichowagombanisha mabunge na kumshusha mjomba wangu kwenye gari, hata hukioni. Mbele zaidi ndo unaona matangi juu ya mikoko, meupe makubwa, na hayo kwa kweli yanatisha, yanafanya nyumba za kule zionekane za kuchezea watoto. Dada akapiga picha. Mdogo wangu naye akapiga picha, ile ile.

Tumefika arusini tunakuta nani? Mjomba, kanzu imeshanyooka, kofia kichwani, sahani ya pilau mbele yake imebaki mifupa. Alichukua boda akapita njia ya mkato akatuacha. Mama mkubwa alitaka kulia na kucheka. Mjomba akatupokea wote kwa mkono mmoja mmoja, na mdogo wangu pia, akampa mkono, hakumpa neno. Mpaka naandika hivi hajampa neno. Mdogo wangu alimpelekea soda, akaipokea akampa mtoto.

Arusi ilikuwa nzuri, sina la kusema, bi harusi alipendeza, taarabu mpaka usiku. Tulipotaka kuondoka dereva akatamka elfu themanini na tano. Tukamwambia si sitini? Akasema sitini ni ya safari, hii ishirini na tano ni ya kusubiri mzee wenu Mabokweni, na nimekula kelele zenu njia nzima. Tukabishana pale mpaka mama mkubwa akaanza kuona aibu mbele ya wakwe. Kila mtu anasema alipe aliyeanza. Dada anasema ni mdogo wangu, mdogo wangu anasema ni dada, mimi nikataja mihogo mama mkubwa akaniangalia jicho nikarudisha maneno.

Mdogo wangu akatoa pochi akalipa yote, noti za elfu kumi kumi, akihesabu taratibu ili tuone. Dada akasema kwa sauti hela ya bomba hiyo, mi sipandi. Alafu akapanda, tena siti ya mbele.