Michezo mitatu ya kwanza barazani kwetu, Shangani

Mradi huu niliuanza baada ya msimu wa korosho kwisha, na lengo lake ni kucheza na marafiki zangu mchezo mmoja mpya wa mezani kila baada ya wiki mbili, kisha kuandika usiku uleule jinsi ulivyotugusa mara ya kwanza, kabla mazoea hayajabadilisha maoni yetu. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Shangani, Mtwara. Sote wanne tumekulia kwenye bao na drafti, na huko ndiko nilikotoa kipimo changu. Bao halichezwi na wawili tu: wanaosimama nyuma huhesabu kete pamoja na mchezaji, huteta juu ya mtaji, yaani nafasi ya kula kete, alioupita bila kuuona, na hujua nyumba ya nani, lile shimo kuu la kete, iko hatarini. Kwa hiyo ninachokitazama kwanza katika mchezo mpya ni kama mpita njia anaweza kusimama, akaelewa kinachoendelea, akaanza kushauri.

Tulianza na Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995. Boksi letu lilikuwa limeshatumika na barabara mbili nyekundu zilikosekana, tukachonga vijiti viwili na kuvipaka rangi ya kucha. Vigae 19 vya pembesita hupangwa upya kila mchezo na kuwa kisiwa, kila kigae kikitoa mbao, matofali, ngano, sufu au mawe dadu zikitoa namba yake, isipokuwa kimoja cha jangwa. Nilikosea katika kueleza: nilisoma kanuni zote tangu mwanzo hadi mwisho kwa muda wa karibu dakika 40, na nilipomaliza, shemeji yangu aliuliza, "Sasa mimi nianze na nini?" Tangu siku hiyo naeleza namna ya kushinda kwanza, kisha zamu moja, na mengine yanafuata dadu zikiwa zinarushwa.

Mchezo ulichangamka kwenye biashara, wachezaji wanapobadilishana kadi za mali hizo. Shemeji alikuwa na shida ya tofali moja ili afike bandarini, na mwenye matofali alikuwa mmoja tu. Alitoa ngano mbili, akakataliwa, akaongeza sufu, akakataliwa tena, alipofikisha kadi nne, mzee jirani aliyekuwa amesimama akiegemea nguzo alisema kwa sauti, "Hiyo ni kangomba, mwanangu, usikubali." Huku kwetu hakuna asiyelijua neno hilo la kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa, nje ya stakabadhi ghalani, ule mfumo rasmi wa kuuza kupitia ghala, wakati ana dhiki. Shemeji alirudisha kadi zake mkononi, na zamu mbili baadaye alilipata tofali kwa ngano moja. Kuanzia hapo neno kangomba limeingia katika lugha ya mchezo wetu, na nimeliandika katika karatasi ya kanuni za Kiswahili ninayoiandaa.

Mzee hakuishia hapo. Alitaka kujua kwa nini namba 6 na 8 zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Rafiki yetu anayefundisha hesabu alimfafanulia kwamba dadu mbili zina matokeo 36: saba hupatikana kwa njia sita, 6 na 8 kwa njia tano kila moja, lakini 2 na 12 kwa njia moja tu. Mzee aliutazama ubao kwa muda, kisha akanielekezea kidole: "Basi wewe kwa nini umejenga kwenye 12?" Sikuwa na jibu, na nilifurahi sana, kwa sababu mtu ambaye hakuwa ameshika hata kadi moja alikuwa ameshaingia ndani ya mchezo.

Carcassonne, mchezo wa mwaka 2000 wenye vigae 72, una maelezo machache zaidi, nao ulieleweka upesi kuliko yote. Unavuta kigae, unakiunganisha na vilivyopo ili barabara ifuate barabara na mji ufuate mji, kisha ukitaka unaweka mtu wako juu yake. Kwa mara ya kwanza tuliacha hesabu ya wakulima, yaani watu wanaowekwa mashambani na kuhesabiwa mwishoni, na ninamshauri kila anayeanza afanye hivyo. Watoto wa jirani walikuwa wakionyesha mahali pa kuweka kigae kabla yetu. Vigae vyake ni vizito pia, hivyo upepo wa kusi haukutusumbua, ilhali kadi za Catan tulilazimika kuzikandamiza kwa komwe za bao.

Pandemic ndio ulionifanya nikitilie shaka kipimo changu. Mchezo huu wa Matt Leacock, wa mwaka 2008, hauna mshindani: wachezaji wote hushirikiana kutafuta tiba ya magonjwa manne. Dar es Salaam haimo katika ubao wake, lakini Khartoum, Kinshasa, Lagos na Johannesburg zimo, na macho yetu yote yalikuwa huko. Kinshasa na Khartoum zilikuwa na vipande vitatu vya ugonjwa kila moja, na mji hauwezi kubeba zaidi ya hapo bila kulipuka. Kadi ya Kinshasa ilipofunuliwa, mlipuko ulisukuma ugonjwa hadi Khartoum, nayo ikalipuka papo hapo. Barazani palikuwa na kelele kama za mpira. Mzee alishauri, mwalimu alishauri, mimi nilishauri. Tulishindwa, lakini kilichonihuzunisha ni kwamba rafiki yetu wa nne, ambaye ni mtu wa maneno machache, jioni nzima alisogeza kete pale alipoambiwa. Nilipomuuliza baadaye, alijibu kwa upole kwamba aliona njia ya kuiokoa Kinshasa zamu mbili kabla, ila hakupata nafasi ya kuisema.

Jumamosi ijayo tutaurudia Pandemic badala ya kufungua boksi jipya, kwa sharti kwamba mwenye zamu huzungumza kwanza, na wengine, mzee akiwemo, husubiri hadi aombe ushauri. Mzee amekubali, nasi tumekubali sharti lake: tukimaliza, ataleta bao lake atufundishe kunamua vizuri.