Okidi imekubali Lushoto

Jumamosi, Novemba.

Limefunguka ua moja! Mama ameniita kabla hata sijanawa uso: "Njoo uone mwanangu, njoo na mtoto." Nimetoka mbio na kanga tu.

Okidi hii nililetewa hospitali siku niliyojifungua, imejaa maua. Baada ya miezi miwili hivi yakapukutika yote, na tangu hapo ni majani matupu. Binti yangu sasa ana miaka mitatu na nusu, na maua yake alikuwa hajawahi kuyaona.

Mwaka wa kwanza nusura niiue. Niliiona imekaa kwenye vipande vya magome, nikaionea huruma, nikaihamishia kwenye udongo mweusi wenye samadi na kuimwagilia kila siku. Kumbe kwao mmea huu huishi juu ya miti, mizizi inapigwa na hewa. Nilipoichomoa, mizizi ilikuwa imelegea kama tambi zilizopikwa, inanuka. Nikakata iliyooza, nikaipanda upya kwenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, nikajifunza kuitazama kabla ya kushika maji: mizizi ikiwa rangi ya fedha ina kiu, ikigeuka kijani imeshiba. Majani yakarudi, mazito, yanang'aa. Maua hakuna.

Ilichokosa ni baridi. Okidi ya aina hii hutoa kikonyo cha maua ikipata wiki kadhaa za usiku wa nyuzi 16 hadi 18, na chumba changu cha Dar es Salaam hakiijui baridi hiyo hata mwezi wa saba. Basi Juni nikaipakata kwenye basi, nimeizungushia kanga, hadi Mombo na kona zote za kupanda mlimani Lushoto, nikamkabidhi mama. Niliumia sana kuiacha.

Agosti akanipigia simu. "Kuna kitu kinachomoza ubavuni, chini ya jani." Nikamwomba aangalie ncha yake, kwani ncha ya mzizi ni ya mviringo, ya kikonyo imebapa. Akakaa kimya, nadhani alikuwa anatafuta miwani. "Hii imebapa," akasema. Nililia jikoni peke yangu.

Tangu siku hiyo hajamruhusu mtu kuisogeza pale dirishani, maana vitumba hudondoka mmea ukihamishwahamishwa. Hata ndizi mbivu aliziondoa mezani, kwa kuwa hewa yake huvinyausha.

Vitumba vilikuwa saba. Ua lililofunguka ni jeupe, ulimi wake wa katikati ni wa zambarau, na lina vimishipa vyembamba ambavyo nilikuwa nimevisahau kabisa. Binti yangu amepanda juu ya kigoda, mikono nyuma kama alivyoagizwa.

"Bibi, hivi vingine vimelala?"

"Vimelala, mjukuu wangu. Usiviamshe."