Nimeifunika transpozi kwa tepu

Zimebaki siku kumi na moja. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu na nusu asubuhi, nitaingia kwenye chumba chenye piano moja na walimu watatu, nitapiga na kuhojiwa, kisha nitarudi nyumbani kusubiri jibu la chuo. Naandika leo kwa sababu wadogo zangu wawili wa kwaya wameniuliza usaili wa muziki unajiandaliaje, na kila nikianza kuwajibu naishia kuzungumzia kitufe kimoja tu.

Nimekuwa mpiga kinanda wa parokia yetu hapa Tabata, Dar es Salaam, tangu nikiwa kidato cha pili, huu mwaka wa saba. Kinanda chetu ni Yamaha ya vibao 61. Nilifundishwa na kaka aliyekuwa akipiga kabla yangu, naye alifundishwa na aliyemtangulia, na wote tumerithishana mkono uleule: piga kila kitu kwenye ufunguo wa C, wenye vibao vyeupe vitupu, ukitaka kupanda bonyeza transpozi. Kwa asiyejua, transpozi ni kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, nusu toni kwa nusu toni. Mwalimu wa kwaya akisema "panda mbili, sauti ya nne, yaani besi, wanazama", unabonyeza mara mbili, kioo kinaandika mbili, na vidole vyako vinaendelea na njia yao ya kila siku. Unapiga C, kanisa linasikia D. Hivyo ndivyo nilivyopiga misa, harusi, misiba na Mikesha ya Pasaka yote hii.

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, nilikwenda Upanga kwa mwalimu mzee ambaye ana piano ya kusimama sebuleni kwake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa pale, nipigie chochote unachokipenda."

Nikachagua "Mtakatifu" tunayoimba sikukuu, ambayo kwenye nota imeandikwa E flati, ufunguo ulio nusu toni tatu juu ya C. Kabla sijagusa kibao hata kimoja, mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe juu, pale kitufe kinapokaa. Pale palikuwa na mbao. Mbao nyeusi, iliyong'arishwa, haina kitu. Mzee aliona.

"Wimbo wako uko kwenye ufunguo gani?"

"Kwenye karatasi ni E flati."

"Na mkononi?"

"C, Mwalimu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hiyo ni kazi ya miezi sita. Usaili lini?"

Ilikuwa imebaki minne.

Nieleze kwanza wanachotaka, ili mdogo wangu asije akadhani ni kwenda kuonyesha wimbo anaoupenda. Chuo nilichoomba kinataka vipande viwili vya mitindo tofauti pamoja na kimoja cha kuchagua mwenyewe, skeli (ngazi ya nota za ufunguo mmoja), kusoma nota papo hapo, jaribio la masikio na mahojiano mafupi. Vyuo havifanani. Kuna TaSUBa pale Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, kuna idara ya sanaa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Makumira upande wa Arusha, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, ambako unaweza kusomea ganuni na udi, ala za nyuzi za taarabu. Kila mahali pana masharti yake. Chukua karatasi ya masharti ya chuo chako uisome mara tatu kabla hujachagua kipande chochote. Mimi niliisoma mara moja, nikapoteza wiki mbili kwenye kipande ambacho hakikuhitajika.

Nilidhani Mwalimu ataniambia nianze na skeli ya C, yenye vibao vyeupe vitupu. Akanianzishia B. B ina shapu tano, yaani nota tano zilizopandishwa nusu toni, maana yake unagusa vibao vyote vitano vyeusi, na vyeupe ni viwili tu, B na E. Nilitaka kulia. Kisha akanishika kiganja, akakiweka juu ya vibao bila kukibonyeza, akaniambia nitazame. Vidole virefu, vile vya katikati, vilikuwa vimelala juu ya vibao vyeusi vilivyoinuka, na vidole vifupi vimebaki chini kwenye vyeupe. Mkono ulikuwa umekaa kama unavyokaa ukiuacha ulegee juu ya goti. Akasema Chopin aliwaanzisha wanafunzi wake hapo hapo kwa sababu hiyo, na C aliiacha mpaka baadaye, kwa kuwa kwenye C mkono hauna pa kuegemea. Miaka saba nimekuwa nikiishi kwenye skeli iliyo ngumu kuipiga ikatoka sawasawa, nikidhani ndiyo nyepesi. Siku ile niliporudi kwenye daladala nilikuwa najaribu B kwenye paja, mkono wa kushoto ukianza na kidole cha nne, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nina homa.

Nimepanga funguo zote kumi na mbili ukutani chumbani kwetu. F imenisumbua kuliko nilivyotegemea. Ina flati moja tu, nota iliyoshushwa nusu toni, lakini mkono wa kulia unabadilika: unafika B flati kwa kidole cha nne ndipo dole gumba lipite chini, wakati mazoea yangu ya C yanataka gumba lipite baada ya kidole cha tatu. Kila siku asubuhi napiga F mara kumi polepole, metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo, ikiwa 50 kwa dakika. Nikikosea ya tisa naanza moja.

Halafu kuna uzito. Vibao vya kinanda chetu vina springi, unavigusa tu. Kibao cha piano kinainua nyundo, na nyundo inapiga waya, kwa hiyo kidole chako ndicho volyumu. Mwezi wangu wa kwanza kwa Mwalimu, sauti ya mkono wangu wa kushoto ilikuwa kama mtu anayegonga mlango, maana kanisani besi lazima isikike mpaka nyuma kabisa. Kipande changu cha kwanza ni Invensheni namba 1 ya Bach, ya C, mistari miwili tu, mmoja kila mkono. Ina mizani 22, yaani vipande vya mapigo 22. Unaweza kuimaliza kwa dakika moja na nusu. Imenichukua wiki tisa. Kila mkono unaimba wimbo uleule kwa zamu, mmoja ukisema mwingine unaitikia, na wa kushoto ukipiga kelele unamfunika mwenzake. Mwalimu alinifanya niimbe mstari wa kushoto huku napiga wa kulia, kisha kinyume chake. Mtu wa kwaya atanielewa: ni sauti ya kwanza na sauti ya nne bila waliopo katikati, na hakuna pa kujificha. Kipande cha pili ni sonatina ya Clementi, opus 36 namba 1, iliyochapishwa 1797. Hiyo sina la kusema sana, inakwenda vizuri, ninaipenda.

Piano ya Mwalimu nayo ni mgonjwa anayehitaji kuuguzwa. Wakati wa masika kibao cha D kilicho jirani na C ya kati kilikuwa kikibonyea hakirudi. Alinieleza kuwa mbao inakunywa unyevu na kuvimba, ubao wa sauti ulio nyuma unanenepa na kuzivuta waya, na piano nzima inapanda juu ya ile A ya 440, kipimo cha kupatanishia vyombo. Ikija kiangazi inashuka tena. Na kwa kuwa tuko ufukweni, chumvi inakula waya. Ndani, chini karibu na pedali, ameweka balbu ndogo inayowaka usiku na mchana ili kukausha hewa. Umeme ukikatika anawaza ile balbu kabla ya friji. Ila piano yenyewe haijali umeme. Jioni moja mtaa mzima wa Upanga ulizimika nikiwa katikati ya Clementi, nikasimama kwa mazoea, kwa sababu umeme ukikatika kinanda kinakufa mkononi. Mwalimu akasema gizani, "Mbona umeacha?" Nikaendelea. Tulikaa dakika arobaini bila taa, na ndiyo mara ya kwanza niliisikia mikono yangu bila kuitazama.

Kipande cha tatu, cha kuchagua mwenyewe, ndicho kinachonikosesha usingizi. Bibi mzaa mama ni Mgogo wa Dodoma, na kuna wimbo wa kubembeleza mtoto ambao ametuimbia sote. Nimeupanga kwa piano. Tatizo ni nota moja. Uimbaji wa Kigogo unafuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti, zile zinazojipanga zenyewe juu ya sauti ya chini, na ukisikiliza marimba ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyekuwa mwalimu Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, utaisikia mara moja. Ukianzia C, ile nota ya bibi iko katikati ya A na B flati, karibu zaidi na B flati. Kwenye piano haipo. Haipo kabisa. Nikipiga B flati bibi anasema kwa simu, "Umepandisha, mwanangu." Nikipiga A anasema, "Sasa umeshusha." Transpozi nayo isingenisaidia, kwani inaruka nusu toni nzima.

Nimejaribu mengi. Kwa sasa nazigonga zote mbili pamoja, A kwa ulaini sana na B flati juu yake, kisha naiachia A haraka. Inatoa kitu kinachotetemeka. Jumapili iliyopita nilimpigia bibi simu nikaiweka simu juu ya piano. Akanyamaza, halafu akaanza kuimba juu yake, naye aliiimba palepale inapokaa siku zote, katikati. Sijui walimu wa usaili watasemaje. Mwalimu wangu anaona nipange B flati safi ili wasidhani nimekosea. Nimemheshimu kwenye kila kitu miezi minne hii, lakini hapa nitapiga ya bibi, na wakiniuliza nitawaeleza.

Kwenye masikio sina hofu, na mpiga kinanda yeyote wa kanisani asiwe nayo. Mwalimu alipiga kodi, nota nne zinazolia pamoja, akaniambia niimbe ya pili kutoka chini. Nikaimba. Akapiga nyingine, ngumu zaidi, nikaimba. Akapiga sita mfululizo. Mtu aliyesimamia mazoezi ya sauti ya tatu kila Jumatano, huku sauti ya pili wakivutia kwao, ameshasoma somo hili bila kuambiwa jina lake.

Kusoma nota papo hapo ni habari nyingine, na hapo ndipo kitufe kiliponila. Nilikuwa nikiona E flati naihesabu kichwani kuwa C, nabonyeza tatu. Macho yangu hayakuwahi kuzisoma zile flati tatu, yalikuwa yanazifuta. Kwenye mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, wanakupa nusu dakika ya kuitazama karatasi kabla ya kupiga, na usaili wangu unafuata utaratibu huohuo. Kwa hiyo kila usiku nafungua wimbo mmoja nisioujua kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, ambako kuna nota za nyimbo za Kanisa kuliko nitakavyowahi kuzimaliza, naweka saa sekunde thelathini, natazama ufunguo, mapigo na mahali pagumu kuliko pote, kisha napiga bila kusimama hata nikikosea. Kutosimama ndiko kugumu. Nimeshafanya sabini na mbili.

Mwezi wa sita nilikata tepu nyeusi ya umeme nikakifunika kitufe pale kanisani. Jumapili ya kwanza iliharibika. Mwalimu wa kwaya alitaka "Utukufu" kwenye D, nikapiga D yenyewe, na mara mbili nilisahau shapu ya F. Sauti ya pili waliyumba, mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka kunitazama. Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu wa kwaya baada ya misa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nipige hivyohivyo, ila nimpe orodha ya nyimbo zenye hatari ili awaandae waimbaji. Sikutarajia wema ule.

Tatizo limebaki kwa mdogo wetu anayepiga misa ya kwanza. Ana miaka kumi na sita, alijifunza kwangu, maana yake alijifunza kwenye C. Alinifuata sakristia akiwa na kitabu kifuani.

"Dada, ile tepu inatoka lini? Mimi ninaanza saa kumi na mbili na nusu."

Tangu siku ile ninafika mapema, naibandua kabla ya misa yake, naibandika kabla ya yangu. Gundi imeisha, nimenunua nyingine. Jumatano baada ya mazoezi tunabaki naye nusu saa, nimemwanzisha na B. Ameniambia vidole vinamuuma. Nimemwambia alegeze kiganja, nikamwekea mkono juu ya vibao bila kuvibonyeza, na yeye akatazama.

Kesho nina saa mbili Upanga, na keshokutwa tena. Mwalimu amesema kuanzia sasa niingie sebuleni kwake kama naingia usaili: nisalimie, nirekebishe kiti, nifute mikono kwa leso, nivute pumzi, nipige vyote vitatu bila kuongea. Kucha nimekata jana, ingawa Jumamosi hii nasimamia harusi ya binamu yangu na shangazi bado hajanisamehe.