Basi la shule ndani ya kompyuta
Hatimaye modeli yangu ya basi la shule imefika pazuri: ni Coaster ya njano, yenye urefu wa karibu mita 7, kama zile zinazopita alfajiri hapa Shangani, Mtwara, kuchukua wanafunzi. Nimeijenga kwa Blender, programu isiyolipiwa ya kuunda maumbo ya 3D kwenye kompyuta. Bodi haikunisumbua sana, kwa kuwa nilichora nusu moja na programu ikaakisi ya pili, ingawa mlango wa abiria, ambao uko kushoto tu, ulinilazimu kuzitenganisha mapema. Kazi ilikuwa kutu: nilipiga picha za kingo zilizo juu ya magurudumu, mahali ambapo rangi hufura kwa chumvi ya bahari kabla ya kubanduka, nikazivika juu ya bati. Wapo wanaopendelea basi jipya linalong'aa. Mimi naona halifanani na Mtwara. Zimebaki taa za nyuma.